Maji ya Jumamosi

Nilikuwa nikikanyaga mafuta, gari linakohoa, kisha linatambaa huku malori ya barabara ya Musoma yananipigia honi. Kesho yake linakimbia kama si lenyewe lililoniaibisha. Mwanangu Luhaga akanipigia simu kutoka Dodoma: "Mama, fundi akishindwa safari hii, tunaliuza." Liuzwe! Tangu nimzike baba yake, Chenge, nyumba nzima sina kingine cha kukigombeza.

Okal, fundi wangu wa Igoma, alilipima kwa mashine. Ikasema kosa liko kwenye sensa ya pedeli ya mafuta. Akafunga pedeli nyingine, likakohoa vilevile. Akakaa nalo gereji wiki nzima, likawa zima kabisa. Nikalirudisha nyumbani Buzuruga, Jumapili naenda kanisani, likaishiwa nguvu.

"Kwangu inapona, kwako inaumwa," Okal akasema. "Basi nitakuja kuiangalia hukohuko."

Alinikuta uani Jumamosi, nimejifunga kanga, namwaga ndoo ya maji ya sabuni chini ya usukani.

"Shikamoo, mama. Hivi unafanya kila wiki?"

"Marahaba. Kila Jumamosi, miaka yote. Chenge alikuwa anabebea dagaa wa soko la Mwaloni humu. Nikimwambia ananinukisha kanisani, anacheka tu."

"Lakini mzee hayupo sasa, mama."

Nani ajue hilo kuliko mimi? Ila Jumamosi bila kumsema Chenge ni ndefu, na mimi naiogopa.

Okal akainama, akachomoa soketi ya nyaya za pedeli. Maji yakadondoka. Ndani mlikuwa na kutu ya kijani.

"Maji yakiingia hapa, gari haijui umekanyaga kiasi gani. Yakikauka, inapona. Mwambie Luhaga gari haiuzwi. Ila ndoo basi, mama."

Akaisafisha soketi, akairudisha, kisha akainua kapeti pakauke. Harufu ya dagaa ikapanda kutoka chini, kali, ya miaka yote ile. Sabuni yangu haikuwahi kuifikia.

"Pole, mama. Nipe kitambaa nipafute."

"Usiguse."

Alipoondoka niliingia ndani ya gari, nikafunga milango, nikapandisha vioo vyote.

"Unanuka dagaa wewe!" nikamwambia Chenge.

Nikasubiri acheke.