Zamu ya Odeta Majini

...na sasa wamemwinua mtoto wa Truphosa, maji yanamchuruzika, haleluya, wamebaki wawili tu mbele ya Odeta wangu, na kama ni kusema niseme sasa, Mchungaji Otuoma samahani, huyu mbatize kwa beseni, basi, ni maneno machache tu, mbona ulimi umekuwa mzito, mimi Akumu niliyemtukana dalali wa samaki mbele ya mwalo mzima wa Kirumba... “Sogea mama Odeta, unatuziba,” nani huyo, sisogei ng'o, nayaangalia haya magugu maji, vijana wameyasukuma kwa makasia mchungaji apate pa kusimama, na hayo yanarudi, yanamgusa kanzu, na mizizini wamo, najua wamo, konokono wadogo wa kahawia, hapa Igombe hatukuwa nao, palikuwa mchanga mtupu, wamekuja wakining'inia kwenye mizizi wakajaa, na sisi wajinga tukafurahia maua, Truphosa akayapanga kwenye kopo la Kimbo, njooni muone, jamani ya zambarau! Obiero akasema haya yatatutia njaa, nyavu zitanasa... njaa! Laiti ingekuwa njaa, mume wangu. Tumbo lilimvimba mpaka ngozi ikang'aa, watu wakasema karogwa, ndugu zake wakawa wananiangalia mimi, mimi jamani, hata asubuhi ile akatapika damu sakafuni na hakuinuka tena. Ni Sista Dorotea wa zahanati aliyenieleza, kichocho hicho mama, vijidudu vinatoka kwa konokono vinapenya ngozi, huyo mtoto usimwache aingie penye magugu, umenisikia? Nimesikia, sista. Nikamwendea mchungaji, akauliza mbele ya wazee wa kanisa, mama, maji ya wokovu ndiyo yamwue? wakaguna wote, nikaonekana sina imani, ninayo, nimemwomba Mungu mpaka magoti yakachubuka, lakini konokono hawajui kama ni Jumapili... “Katika jina la Baba,” huyo anazama, anaibuka anakohoa, amebaki mmoja, sema Akumu, sema, wakikutenga wakutenge, nani alikuletea hata uji Obiero alipolala? Mtoto mwenyewe anacheka na mwenzake, gauni jeupe nililolishona kwa shuka la baba yake limelowa mpaka... loo, limelowa mpaka mapajani, wamesimama majini foleni nzima tangu wimbo wa kwanza, na mimi hapa nangoja zamu yake kana kwamba bado hajaingia, tazama anavyojikuna mguu, anajikuna bila kuangalia, amezoea, na alivyosimama, hatelezi, anajua kila jiwe, kwa sababu hapo hapo ndipo anapochota. Ee Mungu wangu. Hapo hapo. Kila siku anaingia mpaka kiunoni atafute palipo safi, anarudi na ndoo kichwani, na mimi nasema asante mama, napika, nafua, hata Obiero nilimwogesha kwa maji hayo, bomba limepita mbele ya mlango wetu likaenda kiwanda cha minofu ya sangara, ili wazungu wale samaki waliooshwa vizuri, kwetu halidondoshi hata tone, na Sista Dorotea alisema usimwache aingie, hakusema tunywe nini... nimekesha nikijiandaa kugombana na mtumishi wa Mungu kwa kumzamisha mara moja tu, mara moja! “Mama Odeta, mtoto wako huyo,” Truphosa ananipiga kiwiko, na kweli, “Odeta binti Obiero, njoo,” mchungaji amenyoosha mkono, wanaimba, magugu yameziba nafasi tena, vijana wanayasukuma, na mtoto haendi, amegeuka ananitazama, anangoja nimkubalie kwa kichwa, mimi, ambaye kesho kabla ya jua nitamtikisa bega nimwambie amka mama, chukua ndoo, kimbia ziwani.