Kura ya Nyumbani

Beatus aliomba kura wiki nzima. Alipita Katindiuka nyumba kwa nyumba, kofia mkononi, akainama hata mbele ya watu aliogombana nao mipaka ya mashamba. Aliomba kilabuni, aliomba kwenye mashine ya kukoboa mpunga, na Jumapili aliwasubiri watu nje ya kanisa kabla padri hajavua mavazi ya misa. Kwa mzee mmoja aliyepooza aliomba mara mbili, maana mara ya kwanza hakuwa na hakika kama amesikika.

Mtu mmoja tu hakumwomba, naye ndiye aliyekuwa akimpikia.

Mwanzoni Balbina hata hakuliona hilo. Tangu afikishe umri wa kupiga kura alikuwa akimpigia anayetajwa nyumbani, kwanza na baba yake kule Mahenge, kisha na mumewe. Sasa mume mwenyewe anagombea uenyekiti wa mtaa, kuna nini cha kuzungumza? Kelestini, mpiga debe wa Beatus, alikuwa na daftari la shule alimoandika kura kabla hazijapigwa. "Wapogoro hawa wetu," alisema akichora mistari. "Wasukuma wale wa Mbuke, tusijisumbue nao. Kwaya tutagawana." Alipofika kwenye nyumba ya Beatus aliandika mbili bila kuinua kichwa, na Balbina alikuwa pale pale akimmiminia chai.

Huyo Mbuke ndiye aliyekuwa mpinzani. Alikuwa mama muuza maziwa, na ng'ombe wa baba yake waliingia bonde hili la mpunga yeye akiwa bado anabebwa mgongoni. Alhamisi asubuhi alipiga hodi kwa Balbina, na siku hiyo hakuja na ndoo.

"Shikamoo, mama Evod."

"Marahaba, mwanangu. Baba Evod hayupo."

"Najua. Nimempita kwenye mashine, ananisema." Mbuke akacheka. "Nimekuja kwako. Naomba kura."

Balbina akageuka kutazama nyuma yake, labda kuna mtu mwingine anayeambiwa. "Mbuke, umekosea nyumba? Hapa ni kwa Beatus."

"Beatus ana kura yake, mama. Wewe una ya kwako. Nimekuja kuomba hiyo."

Balbina alivuta kigoda akampa. Mbuke alimuuliza ni jambo gani linamsumbua, kisha akanyamaza kusikiliza, jambo ambalo wagombea huwa wanalisahau. Balbina akamweleza ng'ombe walioingia kwenye mpunga wake mwaka jana, akasema kwa ukali, akijua anamwambia nani. "Wengine walikuwa wa kwetu, sikatai," Mbuke alijibu. "Ndiyo maana nataka njia ya mifugo ichorwe, na sisi wenyewe tuilinde." Alipoondoka, Balbina alibaki na furaha ambayo hakujua aiweke wapi. Alikuwa na miaka hamsini na sita, na hajawahi kuombwa kura na mtu.

Jioni alimsimulia mumewe. Beatus alicheka hadi tonge likampalia.

"Maskini Mbuke! Kwa hali hiyo kesho ataniomba na mimi."

"Wewe hujaniomba," Balbina alisema.

"Nikuombe wewe? Basi na ugali niwe nakuomba."

"Ugali huwa unaomba. Unasema, mama Evod, njaa inaniuma."

Beatus alifungua mdomo kujibu, simu ikaita, akatoka nayo nje akipiga kelele za kampeni. Balbina aliosha vyombo huku moyo unamuuma. Alimpenda mwanamume yule, tena sana, na ndiyo maana iliuma.

Kampeni zilikuwa zinafungwa Jumanne saa kumi na mbili jioni, na baada ya hapo ni marufuku kuomba kura. Ilikuwa imebaki kama robo saa, Balbina yuko uani anapepeta mpunga, pikipiki ikafunga breki mbele ya nyumba. Beatus alishuka, shati limelowa jasho, sauti imekauka. Miaka yote huwa anaingilia mlango wa jikoni. Siku hiyo alizunguka, akasimama mlango wa mbele.

"Hodi."

"Una wazimu? Ingia."

"Hodi hapa," alirudia. Basi Balbina akaja, akampa kiti cha wageni. "Kelestini kanisomea orodha yote," Beatus alisema. "Tulipofika kwetu akaniuliza, huyu alijibuje ulipomwomba? Nikapanda pikipiki nikaja."

Akakohoa, akaanza habari za kalavati la barabara ya shambani.

"Hiyo nimeisikia kwenye spika," Balbina alisema. "Zimebaki dakika nne."

Beatus akaivua kofia. "Balbina," alisema, jina ambalo hakuwa amelitaja tangu Evod azaliwe, "naomba kura yako. Najua msimu uliopita ulipalilia peke yako. Kila Jumanne na Ijumaa nitakuwa shambani na wewe, hata ofisi iwe inaungua."

Machozi yalimlengalenga Balbina, lakini hakuyaruhusu. "Nimekusikia. Nitafikiria."

Beatus, aliyekwisha kulisikia jibu hilo kwenye nyumba arobaini, alishukuru kwa heshima, akaaga, akafika hadi barabarani ndipo akakumbuka kwamba anaishi humo.

Kesho yake kwenye darasa walilopigia kura, Balbina alikaa na karatasi muda mrefu hadi msimamizi akakohoa. Majina yalikuwa mawili, na kwa mara ya kwanza yote mawili yalikuwa na haki ya kusomwa. Alimwonea Beatus huruma. Tangu hodi ile ya jana alimpenda kuliko miaka mingi iliyopita. Lakini Mbuke alikuja juani kwa miguu wakati hakuna aliyefikiri kuna kura ya kuombwa pale, wala hakukana ng'ombe wake. Balbina akaweka tiki kwa Mbuke. Alitoka nje akajiona amerefuka.

Beatus alishinda kwa kura thelathini na nane. Balbina alipiga vigelegele vya kweli kabisa, akapika wali wa watu sitini, na Mbuke alipokuja kumpa mshindi mkono alijaziwa sahani kuliko Kelestini.

Wiki ya kwanza mwenyekiti alifika shambani siku zote mbili. Wiki ya pili alifika Jumanne tu, tena na simu sikioni. Jumanne ya tatu hakufika. Saa nne Balbina alilaza jembe begani, akatembea hadi ofisi ya mtaa, akakaa kwenye benchi nyuma ya watu saba. Kila mtu alimpisha, naye akakataa kupishwa.

"Anayefuata!" Beatus aliita akiwa ameinamia karatasi.

"Shikamoo, mwenyekiti."

Beatus aliinua kichwa polepole.

"Nina malalamiko," Balbina alisema, akihakikisha benchi zima linasikia. "Kuna mtu alikuja kuniomba kura, akaniahidi Jumanne na Ijumaa. Leo Jumanne."

Benchi likaangua kicheko. Mtendaji wa mtaa alijificha nyuma ya faili. Beatus alitazama watu wake, akatazama jembe, akaomba udhuru hadi kesho.

Walitembea hadi nyumba za mwisho zikabaki nyuma yao. Ndipo Beatus akauliza, huku akitabasamu kama mtu anayejua jibu, "Lakini ulinipigia, eti?"

"Nilimpigia Mbuke."

Beatus alisimama. Ilimchoma, na Balbina aliona ilivyomchoma, lakini hakulifuta neno lake.

"Halafu ukaja kunidai ahadi mbele za watu?"

"Mwenyekiti ni wa mtaa mzima."

"Kwa nini, Balbina?"

"Aliniomba mapema."

Beatus alitazama bonde, akamtazama mkewe kama mtu anayemhesabu upya. Kisha kicheko kikamtoka bila hiari yake, kile cha zamani cha ujana.

"Uchaguzi ujao nianze lini kukuomba?"

"Anza leo," Balbina alisema, akamkabidhi jembe.