Kiti cha Ushahidi

Jina alilopewa seremala huyu alipozaliwa lilikuwa limeshasahaulika. Watu walimwita Fundi Kesho, maana ndilo neno lililomtoka kila mteja alipochungulia karakana. Hakuwa mwongo, tusimwonee. Kila alipolitamka aliliamini kwa moyo wote, karibu kama alivyomwamini Mungu, na kwa Mungu hakuwa na utani hata chembe.

Ndiyo maana binti yake alipohamia kwa shangazi, lawama zote aliitupia sayansi.

Binti alikuwa mwalimu wa baiolojia. Siku moja mezani alieleza, bila ubaya wowote, kwamba viumbe vimebadilika kidogo kidogo kwa mamilioni ya miaka, na binadamu naye yumo. Fundi akaweka kijiko chini.

"Yaani babu yangu mimi ni nyani?"

"Sijasema babu yako, Baba. Nimesema zamani sana, sisi na wao tulikuwa ukoo mmoja."

"Ukoo! Basi tukiwa na harusi tuwapelekee kadi!"

Maneno yakazaa maneno. Mwisho Fundi akaapa kwamba kabati la vitabu alilomwahidi, ambalo lilikuwa limesimama karakanani mbavu tupu, halipigwi msumari mwingine. Hawezi kuwajengea nyani nyumba. Binti akapanga vitabu vyake kwenye maboksi.

"Kabati likiisha, nitarudi," alisema mlangoni.

Mama yake akamtazama mumewe. "Basi huyo ndiyo kaenda mazima."

Nyumba ikapoa. Fundi akakosa mtu wa kubishana naye, kwa sababu mkewe habishi, anaguna tu, na mguno haujibiki. Alimtaka mwanawe arudi, alimtaka mno, lakini kwenda kumwomba ilikuwa sawa na kumpa nyani mkono. Akaona dawa ni moja: amshinde kwa hoja mbele za watu, kisha amsamehe kwa ukarimu mkubwa.

Nafasi ikajileta yenyewe. Mchungaji akatangaza mazungumzo ya imani na sayansi kwenye ukumbi nyuma ya kanisa: mwalimu ataeleza, kisha mwenye hoja ajibu. Fundi alinyoosha mkono kabla tangazo halijaisha.

Siku yenyewe akaja na suti mwilini na kiti begani. Binti alieleza yake taratibu, akaenda kukaa ubavuni mwa shangazi bila kumwangalia baba. Fundi akakipandisha kiti mezani.

"Ndugu zangu, kitazameni. Miguu minne, hakuna unaochechemea. Mgongo umelazwa kidogo, mtu asiumie. Sasa nani ataniambia hiki kimejitengeneza? Kwamba upepo ulivuma, mbao zikaanguka, paap, kiti?"

Ukumbi ukacheka. Fundi akapata moto.

"Kiti kina fundi! Je, jicho? Je, moyo unaodunda bila kuambiwa? Navyo vina fundi! Mungu ni fundi, jamani, kama mimi!"

Hapo ndipo alipojitia kitanzi.

"Tumekwisha," ilitoka sauti ya mzee mmoja huko nyuma. "Kumbe ndiyo maana sijajibiwa maombi. Nimeambiwa kesho!"

Watu wakaangua kicheko mpaka madirisha yakatetemeka. Kabla hakijatulia, mama mshonaji wa jirani na karakana akasimama, kidole kimeelekea mezani.

"Samahani, Mchungaji. Mbona hicho kiti ni changu?"

Fundi akakohoa kikohozi kisichokuwepo.

"Changu kabisa! Nilikiagiza cha kukalia kwenye cherehani. Jana nimepita, ukaniambia mbao hazijafika!"

"Zi... zilifika ghafla."

"Zikafika ghafla, zikajipanga zenyewe, paap, kiti?"

Safari hii hata mchungaji aliinamia Biblia yake, mabega yakimcheza.

"Na suruali yangu je?" Fundi alijaribu kujitetea. "Mwezi mzima uzi hakuna!"

"Leo hatujaja kuongelea suruali!"

Fundi akabaki amekishika kiti kama mtu anayeshikilia nguzo ya nyumba inayoanguka. Akatupa jicho kwa binti yake, akitegemea kumkuta naye anacheka. Hakuwa anacheka. Alikuwa amesimama.

"Naomba mniachie baba yangu," alisema. "Anachelewa, kweli. Lakini kitanda alichonitengenezea utotoni mpaka leo hakijawahi kulia. Nani ana malalamiko na kazi yenyewe?"

Mshonaji alikitazama kiti, akaketi.

Fundi akamgeukia binti yake. "Mwalimu," alisema, na sauti ilikuwa imeshuka, "hayo mamilioni ya miaka. Unataka kusema Mungu alitumia muda wote huo kunipata mimi?"

"Mimi naweza kukuambia mifupa na mawe yanasema nini, Baba. Yanasema muda ulikuwa mrefu sana. Nani alikuwa karakanani, hilo halimo kwenye somo langu."

Fundi akakishusha kiti, akakikalia. Mshonaji alifungua mdomo, akaufunga.

"Hakuna mteja anayeniudhi," alisema, "kama yule anayesimama mlangoni kunifundisha kazi. Mbona umeanza na mguu? Mbona msumeno huo? Huwa namfukuza. Kumbe na mimi miaka yote nimesimama mlangoni kwa Mungu, namwambia alivyofanya. Kwamba Fundi yupo, hilo siliachi, mcheke mpaka mchoke. Nalijua kama ninavyoujua mkono wangu. Ila alikata vipi, kwa siku sita au kwa muda mrefu, sikuwepo. Ni kazi yake." Akafikiri kidogo, uso ukamchangamka. "Na kama kweli Yeye hakuharakisha, basi na mimi mniache!"

"Amina!" aliitikia mzee wa nyuma. "Lakini dirisha langu?"

Nje, mshonaji alishatangulia na kiti chake kichwani. Fundi akajisogeza karibu na binti yake, macho yakiwa kwenye viatu.

"Ukoo na nyani bado sijaukubali."

"Nadhani hata wao hawajakukubali, Baba."

Akacheka bila kutaka. Kisha akakuna shingo. "Lile kabati, mama. Nitalimalizia."

"Lini?"

"Ke..."

"Kesho ya siku sita, au kesho ya mamilioni?"

Neno likamkwama mdomoni. Akalizungusha, akalimeza, akatafuta jingine ambalo ulimi wake haukulizoea. Likatoka kwa shida, likikwaruza kama mlango uliovimba kwa mvua.

"Leo."

Mkewe, aliyekuwa akija nyuma na shangazi, alisimama pale pale. "Umesemaje?"

"Leo," alirudia Fundi, akavua koti la suti, akamtupia. "Mwalimu, twende ukanishikie ubao."

Wakashika njia ya karakana, baba mbele, binti nyuma akikunja mikono ya blauzi. Mke akamgeukia shangazi, akamsukuma begani.

"Wifi, kimbia kalete maboksi, kabla hajabadilika!"