Mstari Ulionyooka Mno

Mficha uchi hazai. Mimi nilificha wangu saa nne asubuhi, na kabla ya saa sita nilikuwa nimezaa mstari mnyoofu kuliko ukingo wa meza.

Lilikuwa zoezi la kupima protini kwenye ute wa yai. Unatia protini kwenye mirija mitano, kila mmoja zaidi ya uliotangulia, unaongeza dawa ya kahawia, nayo inageuka bluu. Protini ikizidi, bluu inakolea. Mashine inaisoma hiyo bluu, nawe unachora mstari wa kupimia yai lako.

Kazi yote iko kwenye dole gumba. Kitufe cha pipeti, kile kidude cha kunyonyea maji kwa kipimo, kina vituo viwili: cha kwanza cha kuvutia, cha pili cha kusukumia nje tone la mwisho. Shangazi yangu, fundi wa maabara ile, alituonyesha mara tatu. Mara zote tatu nilikuwa natazama dirishani, mjuzi wa kila kitu. Nikavuta kwa kituo cha pili asubuhi nzima.

Vitone vyangu vilitawanyika kwenye karatasi kama kuku waliorushiwa jiwe.

"Hii ni grafu au surua?" aliuliza mwenzangu wa meza. Tulimwita Kasuku, maana hakujua kunyamaza.

Mirija tulishaimwaga. Zilibaki dakika kumi. Nikachukua kifutio. Kasuku aliniona nikifuta, akaziona namba mpya, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akanyamaza.

Mwalimu wa zamu alipita kwa haraka, akainua karatasi yetu juu.

"Mnaona? Mikono ndiyo hii! Nyie wa meza nne nyingine, mistari yenu imepinda kama mgongo wa paka. Jumamosi mnarudia."

Watu wakaguna. Aliyekuwa nyuma yangu akanigusa bega. "Dada, utatufundisha na sisi, eti?"

Masikio yaliniwaka moto. Nikaitikia kwa kichwa.

Shangazi alinikuta kwenye sinki, naosha mirija iliyokwisha takata zamani. Hakunigombeza. Aliweka kikombe kidogo juu ya mizani, akanitia pipeti mkononi.

"Vuta maji, mwanangu. Mikrolita mia."

Nikavuta, nikatia. Mizani ilitakiwa isome gramu sifuri nukta moja. Ikasoma sifuri nukta moja tatu.

"Tena."

Sifuri nukta moja nne.

"Unavuta kwa kituo cha pili," alisema. "Mkono huu hauzai mstari ule. Halafu bluu hii ikikolea sana, mstari lazima ujikunje juu. Wa wenzako umejikunja kwa sababu wamepima kweli. Na ndio wanaorudia."

"Utamwambia mwalimu, shangazi?"

"Mimi? Kwani kifutio nilishika mimi?" Alizima mizani, akakifuta kikombe taratibu. "Humu ndani kila mtu nimemwambia wewe ni mtoto wa kaka yangu. Leo natamani ningesema ni jirani."

Afadhali angenizaba kofi.

Nilirudi darasani na mikono imelowa. Nilisema yote mbele yao: kitufe, kifutio, namba. Nikawaomba radhi wenye meza nne, nikamwomba na Kasuku. Sauti ilinikatika katikati, nikaanza upya. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniuma. Mwalimu akawafutia wenzetu Jumamosi yao. Sisi wawili akatupa sifuri, na kurudia.

Kasuku alinisubiri kwenye ngazi.

"Sifuri! Mimi! Nyumbani nimeshawapigia simu kwamba tumeongoza. Ungefunga bakuli lako, nani angejua?"

"Shangazi alijua."

"Shangazi yako asingesema! Niombe radhi."

"Nimeshakuomba, mbele ya watu wote."

"Ile ilikuwa ya kufuta. Ya kufuta sina haja nayo, hata mimi niliona nikanyamaza. Niombe radhi kwa kusema."

Wenzetu walikuwa wanashuka, wananikwepa kama ngazi iliyopakwa rangi mbichi. Aibu ilikuwa bado imeniganda mwilini kama koti lililolowa, na nilijua Jumamosi nitaivaa tena mbele ya shangazi, kidole kwenye kituo cha kwanza, mpaka mizani iniamini.

"Hiyo siombi," nikamwambia.

"Huombi?"

"Siombi."