Mkono wa Vumilia

Kila asubuhi, kabla hajafungua dirisha la dawa, nesi Rhoda alipita kwenye benchi la zahanati akiwagusa watoto kwenye paji la uso kwa mgongo wa mkono. Alianza upande wa mlangoni akaishia kwenye ndoo ya maji. Mtoto aliyekuwa wa moto, mama yake aliambiwa asogee mbele. Aliyekuwa wa kawaida alibaki alipo.

Hivyo sivyo alivyofundishwa chuoni, lakini zahanati ya Mwalo Mpya, ng'ambo kidogo ya Segese, haikuwa na kipimajoto cha kutegemea. Vile vya kioo vilichukuliwa na afisa wa afya aliyevaa glovu, kwa sababu ndani yake mna zebaki na zebaki ni sumu. Aliviweka kimoja kimoja kwenye ndoo nyekundu yenye mfuniko, kwa uangalifu wa mtu anayepanga mayai, akaondoka navyo. Badala yake kililetwa kimoja cha betri. Betri yenyewe ilikuwa ndogo kama kifungo cha shati, na ilipoanza kuchoka Bi Naznin wa duka la vifaa alipekua rafu zake zote asipate inayoingia. Akampa Rhoda betri mbili za saa ya ukutani, bure, kwa huruma tu.

Asubuhi hiyo Rhoda alikuwa katikati ya benchi Mama Fredy alipomwita.

"Nesi, hebu njoo huku. Vumilia mkono wake unatembea."

Vumilia, mwanamke aliyeketi kando yake, alikuwa amempakata mtoto Fredy ili Mama Fredy afunge kanga vizuri. Ndani ya mkono wake wa kulia, chini ya ngozi, kutoka kwenye kifundo kuelekea kwenye kiwiko, palikuwa na mstari mwembamba wa rangi ya fedha. Mstari ule ulikuwa unapanda. Ulipanda taratibu, ukasimama vidole vitatu kabla ya kiwiko. Vumilia alipomrudisha mtoto kwa mama yake, ukashuka.

"Umeanza lini, dada?" Rhoda aliuliza.

"Tangu mvua za kwanza. Nilidhani ni mshipa."

"Unauma?"

"Hauumi. Ukipanda unawasha kidogo."

Rhoda alikwenda ndani kuchukua kile kipimajoto cha betri. Kilimsoma Fredy nyuzi thelathini na tisa, kikamsoma Rhoda mwenyewe thelathini na saba, kisha kikazimika na hakikuwaka tena. Vumilia alimshika Fredy, Rhoda akachora alama ya kalamu ya buluu pale mstari uliposimama. Akamshika Rhoda, ikachorwa ya pili. Nafasi iliyobaki Rhoda aliigawa kwa rula, juu na chini, mpaka mkono ukajaa vistari. Mama Fredy alisema ni kazi safi. Mtoto akapewa dawa, na foleni ikaendelea.

Vumilia alikuwa mchenjuaji wa dhahabu. Mwalo, yaani mahali pa kuoshea mawe ya dhahabu, ulikuwa chini ya zahanati, karibu na makarasha yanayosaga mawe toka alfajiri. Unga wa mawe ulioshwa kwenye karai, zebaki ikamiminwa kutoka kwenye chupa ya soda, na Vumilia akaikoroga kwa mikono mitupu mpaka ikakamata chembe zote za dhahabu. Kilichobaki alikikamua kwenye kitambaa, akakichoma juu ya jiko la mkaa mpaka moshi uishe na dhahabu ibaki. Alianza kazi hiyo akiwa msichana. Mume wake, Bujiku, alikuwa kwenye maduara, mashimo ya dhahabu ya upande wa Bugarama, na alirudi nyumbani pale duara lilipomruhusu.

Mikono ya Vumilia ilitetemeka. Watu walisema anakunywa, ingawa hakuna aliyewahi kumwona na kikombe. Msibani hakupewa birika la chai amimine. Kanisani alipotoa mkono wa amani, wenzake walimpa ncha za vidole. Na kwa kuwa mimba zake mbili zilitoka kabla ya wakati, hakuna aliyemwita Mama fulani. Wanawake wa rika lake wote walikuwa na majina ya watoto wao. Yeye aliitwa Vumilia tu, kama alivyoitwa akiwa shule ya msingi.

Sasa alikuja zahanati kila asubuhi kabla ya kushuka mwaloni, karai lake likiwa kwapani. Aliketi mwanzo wa benchi, na watoto wakapitishwa mapajani mwake. Jambo moja Rhoda aliliona siku za mwanzo: mkono wa Vumilia ulipogusa mwili wa mtu, uliacha kutetemeka. Ulitulia kama maji mtungini mpaka mstari usimame na usomwe.

Mkono haukukosea. Mama angesema, "Mwanangu anachemka," na mkono ukaonyesha thelathini na saba na nusu, akaambiwa akae asubiri. Mwingine angesema, "Huyu kapoa, nimekuja kwa ajili ya dawa ya minyoo tu," na mstari ukapanda mpaka karibu na kiwiko, akapelekwa ndani mbiombio. Mwanamke mmoja alimleta mumewe akisema amepoa kwake tangu Pasaka. Vumilia alimshika mkono yule bwana. Mstari ulisimama kwenye thelathini na sita na nusu.

"Mumeo ni mzima," Rhoda alimwambia.

"Basi nyumbani ndiyo anageuka barafu," mwanamke akajibu, na foleni ikacheka mpaka yule bwana akacheka pia.

Kila baada ya Jumapili Rhoda alizipaka upya alama za kalamu, maana Vumilia alikuwa mwangalifu lakini maji ya mwaloni hayaheshimu wino. Watu walileta shukrani. Walileta mayai, viazi, michembe ya viazi vikavu ndani ya mfuko, na jogoo ambaye Vumilia alikataa kumchinja. Magesa, mwenye mwalo, mtoto wake alipokutwa na homa ya hatari na akapona, alimletea Vumilia karai jipya.

Rhoda mwenyewe alikuwa na deni la shukrani. Alikuwa amepatwa na malaria kali, mganga mfawidhi akiwa safarini, na Vumilia hakwenda mwaloni siku hiyo. Aliuweka mkono kifuani pa Rhoda tangu asubuhi mpaka jua likapinda, akisoma mstari kwa sauti ili Rhoda asikie unavyoshuka. Tangu hapo, kila kazi ya asubuhi ilipokwisha, Rhoda alimshika ule mkono kwa mikono yake miwili na kusema, "Asante, dada." Ndivyo alivyosema. Nyuma ya neno hilo palikuwa na lingine, nalo halikutoka.

Maana Rhoda alijua. Chuoni walifundishwa kuhusu zebaki: mikono inayotetemeka, fizi zinazovimba, mimba zinazotoka, na mtoto anayeipokea akiwa bado tumboni. Alijua pia kwamba Vumilia akiacha mwalo mstari ungepungua, na asubuhi ingerudi kuwa ya mgongo wa mkono na kubahatisha. Na alijua kwamba pale kwenye benchi ndipo mahali pekee ambapo watu walimshika Vumilia bila kujifuta baadaye. Mambo hayo matatu aliyabeba kimya. Hata alipokuwa mtoto huko Kambarage, mwalimu akimuuliza jibu analolijua, aliliandika kwenye daftari badala ya kulisema.

Afisa wa glovu alirudi. Jina lake lilikuwa Theonest, mtu mpole, mwenye kalamu mbili mfukoni. Alikagua kabati, akakagua choo, kisha akasimama mbele ya benchi.

"Hiki kinatumia zebaki?" aliuliza, akiuangalia mkono.

"Ndiyo," alisema Rhoda.

"Vifaa vya zebaki haviruhusiwi ndani ya kituo. Mlipewa maelekezo."

Alivaa glovu, akaleta ndoo nyekundu, akaufungua mfuniko. Aliupima mkono wa Vumilia kwa macho, kisha akaipima ndoo.

"Hautaingia," alisema.

"Na nikikuachia, kesho nitachenjulia nini?" Vumilia aliuliza.

"Hapo sasa."

Theonest alifikiri. Mwishowe alielekeza kwamba benchi litolewe nje ya uzio, chini ya mchongoma, kwa kuwa maelekezo yanahusu ndani ya uzio. Akina mama walilibeba wenyewe, wakamshukuru. Kutoka pale penye mchongoma mwalo ulionekana wote, wanawake wameinama juu ya makarai, moshi wa jiko umewazunguka. Bwana Theonest alitazama huko kwa muda. Kisha akakandamiza mfuniko wa ndoo yake tupu, ukabana vizuri.

Kabla hajaondoka aliomba apimwe, maana tangu jana alikuwa anasikia baridi kwenye mifupa. Mkono ulisema thelathini na nane na nusu. Alipewa dawa. Alimshukuru Vumilia kwa mikono miwili, akiwa amevua glovu.

Ikaja asubuhi ambayo foleni ilikuwa fupi. Vumilia, akisubiri, aliulaza mkono wake juu ya tumbo lake mwenyewe. Mkono ukiwa hewani, mstari ulikaa kwenye thelathini na saba, joto lake yeye. Ulipogusa tumbo, ukapanda nusu nyuzi, ukasimama.

Rhoda aliuona. Alikuwa amesoma kwamba mtoto aliye tumboni huwa na joto zaidi kidogo kuliko mama yake, kiasi hicho hicho.

Vumilia naye aliuona. Hakusoma popote, lakini siku zake alizijua.

"Huyu ni wa tatu," alisema polepole. "Namshukuru Mungu."

Mama Fredy alipiga kigelegele, wengine wakapokea. Walimshika mabega, wakamshika mashavu. Mama mmoja alisema sasa wataacha kumwita kama mtoto wa shule. Mwingine akasema akiwa wa kike aitwe Dorah, ni jina zuri.

"Huyo wala hahitaji kumsumbua nesi," alisema Mama Fredy, akicheka mpaka akajishika mbavu. "Atazaliwa na kipimo chake mkononi!"

Wote walicheka. Rhoda alicheka pamoja nao, kisha akaingia ndani na kusimama mbele ya kabati la dawa bila kufungua chochote.

Mchana alishuka mwaloni. Hakuwahi kushuka kabla. Vumilia alikuwa anakamua kitambaa juu ya karai jipya, na matone ya zebaki yalikuwa yakimtoka katikati ya vidole, mazuri, ya mviringo, yanayong'aa kuliko kitu chochote pale. Magesa alimletea nesi kiti cha plastiki, akakipangusa kwa shati lake.

"Karibu, nesi wetu. Bila nyinyi wawili mwanangu angekuwa udongoni."

Rhoda aliketi. Moshi wa jiko ulikuwa na ladha ya sarafu.

"Unasemaje, mdogo wangu?" Vumilia aliuliza. "Umekuja na jua lote hili."

"Nimekuja..." Rhoda alisema. Watu walikuwa wanamsikiliza kwa heshima. "Nimekuja kusema asante."

"Jamani," alisema Vumilia, machozi yakimlengalenga. "Asante ya nini tena, si unanipa kila siku?"

Kesho yake watu walikuwa wengi, kwa sababu usiku kulinyesha. Vumilia alifika na karai lake kwapani. Rhoda alimsalimia kwa Kisukuma, kama alivyofundishwa na bibi yake, ambaye alisema mhola ni amani na ni ubaridi kwa pamoja. Msukuma akikuuliza hali, anakuuliza kama umepoa.

"Mhola, dada?"

"Mhola duhu," alijibu Vumilia, yaani amani tu, kama siku zote.

Aliketi. Mtoto wa kwanza akawekwa mapajani, mkono ukatulia, mstari ukapanda, ukasomwa. Akaja wa pili, akaja wa tatu. Huko chini makarasha yaliwashwa. Rhoda aliushika mkono wa Vumilia kumsoma mtoto wa nne, akausoma, mtoto akachukuliwa na mama yake, na Rhoda hakuuachia.

Foleni ilisubiri. Martina, jirani yake Vumilia na mchenjuaji mwenzake, aliyekuwa ameleta mwanawe na amekwisha kupewa dawa, alitazama upande wa mwalo.

"Naona leo mtachelewa," alisema. "Lete karai nikakushikie nafasi, Magesa asije akampa mtu mwingine."

Vumilia akampa. Martina alifunga mtoto mgongoni, akapokea karai kwa mikono miwili. Chini ya kucha ya kidole chake cha shahada palikuwa na kitone cha rangi ya fedha, kidogo kama punje ya ulezi. Mama mmoja alikiona, akampongeza. Martina akashukuru, akateremka.

Rhoda bado alikuwa ameushika mkono. Alama za buluu zilikuwa zimepauka, ilikuwa siku ya kuzipaka upya, na kalamu ilikuwa mfukoni mwake. Hakuitoa. Alisema jambo fulani akiangalia chini.

"Nini?" Vumilia aliuliza.

Alirudia, midomo tu.

"Sema kwa sauti, nesi!" Mama Fredy alipaza kutoka mwisho wa foleni. "Huku nyuma hatusikii. Ni homa ya ngapi?"

Rhoda aliinua uso. Watu wote walikuwa wanamtazama, na masikio yake yalikuwa ya moto kiasi kwamba mstari, kwa kushikwa naye tu, ulikuwa umeanza kupanda.

"Nimekuwa nikisema asante," alisema, na sauti yake ikavuka mchongoma, ikavuka uzio, "na asante ni kweli, dada, mimi ni mzima kwa ajili yako. Lakini nilichotaka kusema ni acha. Hii ni sumu. Hawa watoto nitawashika mimi kwa mgongo wa mkono, na nikikosea nitakosea mimi. Wewe usirudi tena mwaloni. Namtaka Dorah awe hai."