Nyangi na Mgonjwa Asiyetaka Kujitaja

Nyangi alirudi Matongo na sura ya mtu aliyefiwa. Mimi Waitara ni baba yake na sina subira ya mizunguko. Nilimwuliza palepale aliposhuka kwenye bodaboda, begi likiwa bado begani.

"Nani amekufa?"

"Hakuna, baba. Shikamoo. Nimefeli."

Mimi niliishia darasa la tano. Tangu hapo naponda mawe ya dhahabu kwenye machimbo ya Nyakunguru, kwa hiyo neno kufeli halinitishi. Lakini huyu ndiye mtoto wa kwanza kwenye boma letu kufika chuo. Anasomea tiba ya mionzi, ile ya kuchoma saratani kwa mashine kubwa. Kwenye vitabu anaongoza wenzake. Alichofeli ni mtihani wa mikono: kumpokea mgonjwa, kumtoa kwenye kiti cha magurudumu, kumlaza kwenye meza ya mashine na kumtuliza. Wamempa nafasi moja ya kurudia. Akifeli tena, chuo kimeisha.

"Umeshindwa kumlaza mtu? Wewe uliyekuwa unabeba ndama aliyeteguka mguu?"

"Kulaza nimelaza vizuri, baba. Nimemlaza mtu ambaye siye."

Akanieleza. Walimu walimletea mzee mmoja wa kuigiza mgonjwa. Kabla ya kitu chochote alitakiwa kumwambia mzee ataje jina lake mwenyewe. Nyangi akaona aibu. Akamwuliza kwa adabu, "Wewe ndiye mzee Deus, siyo?" Mzee akajibu ndiyo. Kumbe walikuwa wamempanga akubali kila kitu, maana mgonjwa mwenye hofu hukubali kila kitu. Nyangi akamlaza, akamfunika, kazi safi kabisa, na mtu mwenyewe hakuwa Deus. Ingekuwa mashine ya kweli, mtu angechomwa shingo kwa ugonjwa wa mwenzake.

Nilimwelewa mara moja. Kwetu mwanaume aliyetahiriwa saro moja na baba yako, yaani msimu mmoja wa tohara, naye ni baba yako. Unamwita tata, unashusha macho. Kumwambia ajitaje ni kama kumwambia hana maana kiasi kwamba humjui. Mimi na mama yake tulimlea hivyo, na sijutii.

"Basi utafanya mazoezi," nikamwambia. "Hapa wazee wa kulaza hawajawahi kupungua."

Jumamosi boma lilijaa kama kuna harusi. Sista Pudensiana, muuguzi wa zahanati yetu, Mchaga wa Rombo aliyeletwa huku na serikali, alikuja na kiti cha magurudumu kimefungwa nyuma ya bodaboda. Mke wangu Boke alitoa meza ndefu nje, akatandika shuka jeupe ambalo mimi sijawahi kulilalia. Mgonjwa wetu alikuwa Kisyeri, mwenzangu wa saro, mfugaji mwenye goti bovu na mwili wa fahali. Alikubali kwa sababu ya chai ya maziwa.

"Nikianguka, Waitara, nakudai ng'ombe," alisema akikaa kwenye kiti.

"Ukianguka utaharibu meza yangu. Tutadaiana."

Nyangi alinawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko. Akafunga breki za kiti. Akakunja vile vyuma vya kuwekea miguu ili mgonjwa asijikwae. Akamfunga Kisyeri mkanda mpana kiunoni, akasogea karibu, akapinda magoti yake mwenyewe na mgongo ukabaki umenyooka.

"Tata, mguu mzima ndio utakaotangulia. Nikifika tatu tunasimama pamoja. Moja, mbili, tatu!"

Kisyeri alipaa! Mtu ambaye wanaume wawili humwinua kwa matusi, msichana mwembamba amemsimamisha, amemzungusha, amemkalisha mezani, kisha amemlaza taratibu akimshika kichwa na mabega. Akamfunika khanga ili mwili wake usianikwe mbele za watu. Akamwambia, "Nikitoka chumbani nakuona kwenye kioo na nakusikia. Usitikisike. Ukiwa na shida inua mkono, mimi nasimamisha mashine."

Watu walipiga makofi na vigelegele. Mimi nilipiga kelele kama Taifa Stars wamefunga bao. "Mmeona? Huyo ni wangu!"

"Amefeli," alisema Sista Pudensiana.

"Kafeli nini sasa, Sista?" Boke aliuliza huku amejishika kiuno. "Umeona binti alivyomwinua huyo gunia?"

"Mama Nyangi, hajamwuliza jina."

"Lakini namjua!" Nyangi alisema. "Amenibeba nikiwa mtoto."

"Hapa humjui mtu. Hata baba yako ukimkuta kwenye chumba cha mashine, atajitaja. Rudia."

Kisyeri akarudishwa kwenye kiti. Nyangi akasimama mbele yake, macho chini, vidole vinachezea mkanda. Mwishowe akasema, "Wewe ndiye mzee Kisyeri?"

"Ndiyo."

"Umemtajia!" Sista akapiga paja. "Hivyo hivyo ndivyo ulivyofeli. Mwambie aseme mwenyewe."

"Asemeje?" Kisyeri alifoka. "Mtoto wa saro yangu aniulize mimi jina? Hata askari akiniuliza jina, hujibiwa na mtu niliyefuatana naye!"

"Basi mashine itakuchoma kichwa badala ya goti," Sista akamjibu.

"Ichome! Nitoeni hapa. Chai iko wapi?"

Kicheko kikaanza, lakini mimi sikucheka. Nilimwona Nyangi anapepesa macho. Kama hapa nyumbani amekwama, huko mbele ya walimu ataanzia wapi? Nikataka kumfokea Kisyeri, tena nilishavuta pumzi. Nyangi akaninyooshea kiganja ninyamaze. Hajawahi kunifanyia hivyo.

Akachuchumaa mbele ya kiti mpaka macho yake yakawa sawa na ya Kisyeri. Safari hii hakuyashusha.

"Shikamoo, tata."

"Marahaba," Kisyeri alijibu, bado kanuna.

"Mimi naitwa Nyangi. Baba yangu ni Waitara, wa hapa Matongo. Mama yangu ni Boke. Leo mimi ndiye nitakayekuhudumia. Nimejitaja, tata, unanijua. Sasa na wewe jitaje, nisije nikampa mtu mwingine tiba yako."

Hapo nilisisimka mwili mzima. Maana kwetu mgeni akikutajia ukoo wake, huwezi kukaa kimya. Utaonekana huna ukoo.

Kisyeri alijiweka sawa kwenye kiti. Akakohoa. "Mimi ni Kisyeri!" alinguruma. "Mwana wa Nyangwine! Nyangwine aliyeua simba kwa mkuki mmoja! Saro yetu wanaijua mpaka Sirari!" Akaendelea na babu, na ng'ombe wa babu, na fahali aliyekuwa na pembe zilizopinda.

"Inatosha, mzee, inatosha!" Sista alikuwa anacheka mpaka kofia imehama. "Na tarehe ya kuzaliwa?"

"Hiyo sijui. Kwenye kitambulisho waliniandika tarehe moja Julai."

"Wazee wote wa hapa ni tarehe moja Julai," nikasema.

"Ndiyo maana tunauliza na jina la baba," Nyangi alisema, "na tunaangalia picha yake kwenye faili." Kisha akamwinua Kisyeri kwa mara nyingine, na safari hii Sista naye alipiga kigelegele.

Baada ya hapo kila mtu alitaka kuwa mgonjwa. Wanawake walipanga mstari. Nami nikakaa kwenye kiti, binti yangu akanitazama machoni akaniuliza mimi ni nani. Nilihisi hasira ikipanda kidogo, nisiwadanganye. Nikaimeza, nikajitaja kwa sauti kuliko Kisyeri.

Siku ya mtihani nilikuwa Nyakunguru kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, na kelele zake hazikuruhusu hata kufikiri. Simu ilipotetemeka mfukoni niliwapungia vijana mikono yote miwili. "Zima! Zima hiyo!"

"Baba! Wameniletea tena mtu ambaye siye!"

"Ukafanyaje?"

"Nikajitaja kwanza. Akanitajia jina lake, la baba yake na kijiji chake, na hakuwa yule niliyepangiwa. Nikamwomba asubiri nje, nikawaambia walimu waniletee mgonjwa wangu."

"Wakasemaje? Sema haraka!"

"Nimefaulu, baba. Jumatatu naanza na wagonjwa wa kweli."

Nilipiga ukelele mpaka watu wakatoka kwenye maduara, yale mashimo ya kuchimbia, wakidhani tumepata mshipa wa dhahabu. Nikawaambia si dhahabu, ni Nyangi. Mmoja akauliza Nyangi ni nani.

"Kaa chini," nikamwambia. "Nikueleze."