Meli ya Jumatano

Mwanawema aliweka chupa tupu juu ya kaunta, akajifuta jasho kwa upindo wa kanga. Kutoka Wawi mpaka mjini Chake Chake zamani ilikuwa hatua mbili tatu. Leo alipumzika mara nne njiani.

"Nipe tena ile dawa ya kunenepa, Bwana Tajdin. Mume wangu Silima aja Alhamisi. Miaka miwili yuko mkongeni Tanga, sitaki anikute mifupa."

Tajdin, mwenye duka la dawa, hakuinuka. Hii ingekuwa chupa ya tatu mwezi huu, na mwanamke alizidi kukonda.

"Kikohozi kimeanza lini, Bi Mwanawema?"

"Tangu mavuno ya karafuu."

"Na homa za jioni?"

Badala ya kujibu akakohoa, kanga mdomoni. Alipoificha kanga, Tajdin alikwisha kuiona damu.

"Dawa hii sikuuzii tena, haikufai. Nakuandikia barua, nenda hospitali sasa hivi."

Hospitalini, karani aliisoma barua ile, akamrudishia dirishani. "Ya dukani hii. Kalete ya serikali, ya sheha wa kijiji chenu."

Mwanawema akarudi dukani machozi yakimlenga. Tajdin akafunga milango saa nne ya asubuhi, wakaenda pamoja. Alisimama mbele ya karani akirudia maneno yale yale kwa upole, "Mama huyu akohoa damu," mpaka daktari mwenyewe akatoka.

Daktari alimsikiliza kifua kwa muda mrefu.

"Nadhani ni kifua kikuu. Hapa Pemba hatuna mashine ya picha ya kifua, iko Unguja, na vitanda viko huko. Meli ni Jumatano."

"Na nyengine?"

"Baada ya wiki mbili."

Mwanawema akamgeukia Tajdin. "Siku moja tu. Nimuone, kisha niende."

"Karafuu zetu zote zapita Unguja," alisema Tajdin kwa uchungu, "na hata mashine moja haijatufikia. Siku hiyo ningekuwa nayo ningekupa, dada yangu. Nenda."

Alhamisi alasiri, Mwanawema alilala wodini Unguja, uso ukutani, akihesabu. Sasa Silima ameteremka chomboni. Sasa anapanda njia ya Wawi, mzigo begani. Sasa amefika mlangoni, anapiga hodi.

Alifungua kinywa aitikie, "Karibu." Kikohozi kikamtangulia.